Unataka kuimba roki na uko Mombasa? Pita alikopita yule kijana wa Unguja

Vijana wengi wa hapa Mombasa wanaopenda roki wana kilio kimoja, ati hapa si mahali pake, roki ni ya Nairobi, huko ndiko zilikotoka bendi kama Murfy's fLaw na Parking Lot Grass na watu wanaojua kuruka mbele ya spika, sisi huku ni taarabu, bango na Bongo Fleva basi. Nawaelewa lakini sikubaliani nao. Mwimbaji wa roki ambaye hata nyanya yako akimuona kwa tivi atakwambia huyu namjua, alizaliwa pwani hii hii yetu, ukishapita Pemba umefika kwao. Freddie Mercury. Jina la nyumbani ni Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja mjini tarehe 5 Septemba 1946, familia ya Kiparsi yenye asili ya India, babake Bomi alikuwa keshia wa mahakama enzi za Mwingereza, mamake Jer.

Shida ni kuwa watu wanamsoma kuanzia mwisho. Wanaona masharubu, jaketi la njano, Wembley imejaa mpaka juu, halafu wanasema huyu kazaliwa nacho. Achana na hiyo sehemu kabisa, haikusaidii. Ya kukusaidia ni ile kati ya 1958 alipoingia bendi yake ya kwanza akiwa na miaka 12, na Julai 1973 albamu ya kwanza ya Queen, bendi iliyompa jina, ilipotoka akiwa na 26. Hapo kati ni miaka 15 ya bendi zilizokufa, kazi za kuokoteza na kusimama nyuma ya watu wengine, na karibu kila alichofanya miaka ile wewe wa Kisauni au Likoni unaweza kukifanya, tena mengine bila pesa.

Tuanze.

Kabla hujatafuta maiki tafuta kwanza watu wa kuimba nao. Freddie alipelekwa bweni India akiwa na miaka 8, shule ya St Peter's kule Panchgani, na huko ndiko alikoanza kuitwa Freddie. Aliimba kwaya ya shule na akasoma piano hadi gredi ya nne. Gredi ya nne si kitu cha kutisha, mtoto yeyote anayekaa kitako anaifika, lakini ilimtosha baadaye kutunga nyimbo akiwa amekaa kwenye piano badala ya kungojea mpiga gita amtafutie njia. Sasa wewe hapa Mombasa kama ulisoma madrasa na ukaimba qasida za maulidi, usidharau, ile kuvuta pumzi moja ukamaliza mstari mrefu bila kukatika ndiyo kazi ngumu zaidi ya mwimbaji yeyote na wewe umeifanya toka una miaka 7. Kama ni wa kanisani ingia kwaya, tena omba upangwe sauti ambayo si yako, yule wa sauti ya juu akae na watu wa besi kwa muda, sikio linafunguka ajabu. Na jifunze kinanda au gita kidogo, kodi (chords) tano sita zinatosha kuanza, ukijua G, C, D, E ndogo (Em) na A ndogo (Am) tayari una nyimbo nyingi mkononi.

Halafu ingia bendi, na hapa ndipo vijana wengi wanaponishangaza, kila mtu anataka kusimama mbele siku ya kwanza. Freddie na wenzake bwenini walianzisha bendi ikiitwa The Hectics, mwaka 1958, wakipiga nyimbo za kina Little Richard, Cliff Richard na Fats Domino kwenye shughuli za shule. Unajua nani alikuwa mwimbaji? Mwenzake, Bruce Murray. Freddie alikuwa kwenye piano huku akiitikia. Yaani yule ambaye leo watu wanamuita mwimbaji bora wa roki alianza kama muitikiaji! Na ukikaa nyuma unajifunza vitu ambavyo wa mbele havioni, unajua dramu na besi zinavyosemezana, unajua wimbo unachoka wapi, unaona watu wanaanza kuangalia simu mstari upi.

Kupata wenzako hapa Mombasa si ngumu vile watu wanavyosema ila lazima ujue pa kuangalia. Mpiga dramu usimtafute kwa watu wa roki, hawapo, mtafute makanisani, kule ndiko waliko na wanapiga kila wiki bila kukosa, ukimpa nyimbo mbili asikilize nyumbani baada ya muda mfupi keshazoea. Wa besi mtafute kwenye bendi za mahotelini. Mpiga gita wako wengi mpaka wanakera. Wapige simu, kaeni, anzeni na nyimbo za watu wengine ambazo nyote mnazijua, msianze na utunzi wa mtu mmoja mtagombana mapema. Ukitaka kuona vijana wengine wa sanaa zunguka Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, hata kama hawapigi roki utapata mtu wa kamera, mtu wa saundi, mtu anayejua mwenye dramu.

Mahali pa mazoezi sasa, hili ni la kwetu hasa. Nyumba zimebanana, roki ni kelele, na NEMA, mamlaka ya mazingira, wana sheria ya kelele tangu 2009, jirani mmoja tu akichoka mnaweza kufungiwa. Nendeni mkaongee na majirani kabla hamjawasha hata ampu moja, mwambieni na mzee wa mtaa, mpange saa, na mkae nazo. Ikiadhiniwa mnazima wenyewe bila kungoja mtu aje kugonga mlango. Ramadhani mnakaa na gita kavu na kupiga mapaja badala ya dramu, mnapanga sauti na kuandika, wallahi bendi nyingi zingefaidika kama zingekuwa na mwezi mmoja wa kupiga polepole hivo.

Nije kwa sauti yenyewe manake hapa ndipo watu wanapojiharibu. Roki inaonekana ni kupiga mayowe. Si hivyo. Anayepiga mayowe kwa koo usiku wa Ijumaa, Jumamosi hana sauti, na akiendelea hivyo anaota vinundu kwenye nyuzi za sauti. Freddie mwenyewe viliwahi kumpata, mwaka 1975 wakizunguka Marekani ikabidi shoo kadhaa zifutwe apumzike. Kwa hiyo jifunze nguvu itoke tumboni. Lala chali sakafuni, weka kitabu juu ya tumbo, pumua mpaka kitabu kipande na kushuka bila kifua kusogea, halafu toa pumzi polepole kwa sauti ya "sss" mpaka iishe. Fanya kila asubuhi, kabla joto halijakuwa kali. Kisha tetemesha midomo ile brrr ya watoto wakicheza gari, ukipanda na kushuka ngazi za sauti, dakika kumi tu, usiimbe wimbo wowote mzito kabla ya hiyo.

Joto la Mombasa lina mambo yake. Unatoka jasho jingi jukwaani bila kujua na koo linakauka, kunywa maji kutoka mchana, usingoje hadi uko juu ya jukwaa, na maji yawe ya kawaida, si ya barafu. Dafu poa. Tangawizi ya moto poa. Viazi karai na achari kabla ya kuimba hapana, unapata kiungulia na asidi inapanda kwenye koo, kula baadaye. Miraa inakausha na inakufanya uongee usiku kucha, kesho yake sauti ni ya chura, chagua moja. Na ukiumwa na koo nyamaza, usinong'one, kunong'ona nako kunachosha nyuzi.

Sasa jambo ambalo sioni watu wakiliongea, kuandika roki kwa Kiswahili. Vijana wanaandika kwa Kizungu kisa ati Kiswahili hakikai kwenye roki. Kinakaa, tena kinakaa vizuri kuliko unavyodhani, ila kuna vitu vya kuangalia. Maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu, maana yake kila neno unaweza kulivuta mwishoni, zawadi hiyo, Mwingereza hana. Lakini irabu si sawa. Ukitaka kushikilia noti ya juu mahali wimbo unapasuka, neno liishie kwa "a" au "o", mdomo unafunguka na sauti inatoka yenyewe, ukiweka "i" au "u" pale juu koo linabana na utasikika kama umekanyagwa. Kwa hiyo kabla hujapenda mstari wako uimbe juu kabisa kwanza, kama haupandi badilisha neno si noti.

La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila mara, ba-HA-ri, na-o-NDO-ka. Dramu ya roki inagonga kwa nguvu pigo la pili na la nne. Silabi yenye mkazo ikiangukia pale mstari unatembea, ikiangukia pengine msikilizaji wa hapa anasikia kitu kimevunjika hata kama hajui ni nini. Hili ndilo linafanya nyimbo nyingi zilizotafsiriwa zisikike za ajabu, tyuni imebana maneno. Jaribu kugonga meza huku unasema mstari kama unavyouongea, kama unagongana na mkono wako uandike upya.

Na kama mistari inakusumbua kabisa rudi kwenye shairi. Mstari wa shairi una mizani 16, nane ukwapi na nane utao, hiyo inaingia kwenye pigo nne nne bila kusukumwa. Huu ni mji wa Muyaka bin Haji, mtu aliyekuwa akirusha mashairi ya vita na ya kejeli miaka ya mwanzo ya karne ya 19, watu wakijibizana nayo mitaani, sijui roki gani inataka ukali zaidi ya ule. Huna haja ya kuimba shairi zima kama taarabu, chukua tu ile mizani, vunja vina ukitaka, na kiitikio kiwe kifupi.

Pa kupigia. Watu wanaona mahotelini ni aibu, ati kupigia watalii Malaika kila usiku si sanaa. Mimi naona ni shule ya bure inayokulipa. Them Mushrooms walianza 1972, ndugu wa familia moja ya Kaloleni, wakapiga mahotelini huku pwani miaka mingi, na 1982 wakatoa Jambo Bwana, wimbo ambao mpaka leo mtalii akishuka tu ndege anaimbiwa. Hotelini unapiga saa nyingi, unabadilisha ki ya wimbo ghafla kwa sababu mgeni amepanda kuimba na wewe, unajua kusoma meza gani imechoka na meza gani iko tayari kuamka. Pambana mupewe nafasi kwenye bendi ya hoteli Nyali, Bamburi au Diani msimu ukiwa juu, Desemba hadi Machi na tena Julai Agosti, ukijua kabisa masika yakiingia Aprili hoteli zinapunguza watu na bendi ndiyo ya kwanza kukatwa, kwa hivyo ile miezi ya mvua ndiyo ya kuandika na kurekodi. Chomekeni wimbo wenu mmoja wa roki katikati ya orodha, usiku ukiwa umechangamka, bila kutangaza. Kama watu hawatoki kwenda chooni mmeshinda. Ila msikae hapo mpaka mnasahau mlikuja kufanya nini, nawajua watu wenye sauti za kutisha waliozeekea kwenye orodha ile ile.

Pesa za kula tafuta kwingine na usione haya. Januari 1964 Mapinduzi yalipotokea Unguja, familia ya Bulsara iliondoka ikaenda Uingereza, Feltham, karibu na London, Freddie akiwa na miaka 17. Huko hakuna aliyemjua. Akasoma sanaa Isleworth kisha chuo cha Ealing, akatoka 1969 na diploma ya michoro na usanifu. Amebeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Yeye na Roger Taylor, ambaye baadaye ni mpiga dramu wa Queen, walikuwa na kibanda Kensington Market wakiuza nguo zilizovaliwa, yaani kwa lugha yetu mwana alikuwa anauza mitumba. Kongowea kabisa! Na usifikiri alikuwa anapoteza wakati, zile nguo ndizo alizovaa jukwaani, na ile diploma ndiyo iliyomwezesha kuchora nembo ya Queen mwenyewe, ile yenye alama za nyota za kuzaliwa za wote wanne. Kwa hiyo kama unajua kushona, kupiga picha, kuchora kwa kompyuta, kurekebisha simu, usiache, leta ndani ya bendi. Bendi yenye fundi wa nguo na mtu wa mabango inaokoa pesa nyingi sana.

Kitu kingine alichofanya ambacho nakipenda kuliko vyote, alikaa karibu na bendi iliyomzidi. Pale chuoni Ealing alisoma na Tim Staffell, aliyekuwa akiimba na kupiga besi kwenye bendi inaitwa Smile, pamoja na Brian May na Roger Taylor. Freddie akawa anawafuata kila mahali, anawaambia vaeni hivi, simameni hivi, mbona mnapiga kama mnaogopa, yaani shabiki mwenye mdomo. Lakini hakukaa tu kungoja wamchukue. Agosti 1969 akaingia bendi ya vijana wa Liverpool, Ibex, ikabadilishwa jina ikawa Wreckage, ikafa. Mapema 1970 akajibu tangazo la bendi iliyokuwa inatafuta mwimbaji, Sour Milk Sea, akapita, baada ya muda mfupi nayo ikafa. Kisha Staffell akaondoka Smile na nafasi ikawa wazi, na aliyekuwa tayari, anayewajua, anayejua nyimbo, na aliyekwisha kupigwa na jukwaa la bendi nyingine mbili alikuwa nani? Hapo ndipo jina Queen likaja, yeye ndiye aliyelichagua, na wakati huo huo akajiita Mercury.

Basi fanya hivyo. Kama kuna bendi Mombasa au Mtwapa inayokupendeza nenda kila shoo yao, beba nyaya, shika mlango, jua nyimbo zao zote, toa maoni ukiulizwa na mara moja moja bila kuulizwa. Na huku una kabendi kako. Kakifa ingia kengine. Kufa kwa bendi si msiba, Queen wenyewe walikuwa na wapiga besi watatu kabla hawajampata John Deacon 1971.

Shoo ya kwanza msitafute ukumbi mkubwa. Ile ya kwanza ya hao jamaa ilikuwa Truro, mji mdogo kusini magharibi mwa Uingereza, tarehe 27 Juni 1970, shughuli ya hisani ambayo mamake Roger aliwapangia, na ilikuwa imetangazwa kwa jina la zamani la Smile. Mama wa mpiga dramu ndiye promota wao wa kwanza! Kwetu hapa mna shangazi mwenye chama, mjomba kwenye kamati ya shule, Little Theatre Club kuna jukwaa, kuna siku za michezo. Nyimbo sita zinatosha, mwanzo na mwisho ziwe zenye nguvu, ile ambayo hamjaishika vizuri iacheni nyumbani.

Maiki ishike karibu na mdomo, inchi moja hivi, ukipanda juu sogeza nyuma kidogo, ukinong'ona lete karibu. Usiifunike kichwa chake kwa kiganja kama wafokaji wanavyofanya, inaanza kupiga filimbi na mtu wa saundi atakuchukia. Na uzoee kuishika na kutembea nayo, fanya mazoezi nyumbani na mwiko. Inasimuliwa kuwa siku za mwanzo stendi ya maiki ya Freddie ilikatika katikati ya shoo akaendelea na kipande cha juu mkononi, akaona kinamfaa, akabaki nacho maisha yake yote ya jukwaani. Kwa hiyo kitu kikiharibika mbele ya watu usisimamishe wimbo wala usiombe radhi, endelea, watu wengi hawatajua.

Kurekodi kunawatoa vijana jasho kwa sababu ya bei, lakini kuna njia. Queen mwaka 1971 hawakuwa na hela, studio ya De Lane Lea ilikuwa inajaribu mitambo mipya kule Wembley na inataka bendi yenye kelele ya kupimia, wakajitolea, wakatoka na demo bila kulipa. Baadaye studio ya Trident ikawapa nafasi saa ambazo wateja wa kulipa hawapo, mara nyingi usiku wa manane. Kazi ya huko Trident ndiyo ikawa albamu ya 1973, na single yake ya kwanza haikuingia hata kwenye chati. Waliingia 1974 na Seven Seas of Rhye, ikafika namba 10. Hapa mjini studio zinafunguliwa kila mara, prodyuza amenunua maiki mpya na kadi mpya na amezoea kurekodi mtu mmoja juu ya biti, hajawahi kurekodi dramu ya kweli, mwendee, mwambie tunakuja saa nne ya usiku wateja wako wakienda, wewe unajifunza kupanga maiki za dramu na sisi tunatoka na nyimbo mbili. Wengine watakataa, na wengine watakubali mara moja kwa sababu na wao wanatamani.

Karatasi sasa, na usiruke hii. Andikisha nyimbo zenu KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kabla hamjaziachia, na kaeni chini muandike nani ametunga nini na mgao ukoje, wakati bado hakuna pesa na bado mnapendana. Mtu akija na mkataba mwombe nakala uende nayo nyumbani, akikataa hata hiyo basi jibu umeshapata. Queen walisaini na Trident 1972 wakajikuta nyimbo zinapigwa redioni na mifukoni hamna kitu, iliwachukua hadi 1975 kujitoa. Tafuta wakili, hata ni binamu wa mtu, na muulize mambo manne: rekodi zenyewe zitakuwa za nani, mkataba unaisha lini, gharama zinakatwa kabla au baada ya mgao, na mkitaka kuondoka mnaondokaje. Asaini kila mwanabendi mwenyewe, si mmoja kwa niaba ya wote.